Petroli ghali, gari la kubana mafuta halishikiki

Ilipotangazwa Septemba 2023 kwamba lita ya petroli jijini Nairobi ingeuzwa Sh211.64, lawama nyingi zilielekezwa kwa soko la dunia. Soko hilo lina sehemu yake. Lakini miezi miwili tu kabla ya hapo, Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa imeongeza ushuru wa ziada ya thamani kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16.

Kwa bei hiyo, gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita lilimgharimu mwenye safari ya kilomita 40 kwa siku takriban Sh846. Linalokwenda kilomita 20 lilihitaji nusu ya fedha hizo. Ndiyo maana magari madogo ya mtumba kutoka Japani, kama vile Vitz na Passo, hupendwa sana, sawa na yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja.

Hata hivyo, mwaka huo huo ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, huku shilingi ikidhoofika mbele ya dola. Isitoshe, Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Kanuni hiyo ina manufaa yake, ila huwafungia wengi mlango wa magari nafuu ya aina hiyo. Mwenye kipato kidogo husalia na gari kuukuu lililokwishapita mikono kadhaa humu nchini, ambalo mara nyingi ndilo linalobugia mafuta zaidi.