Mdhamini Si Mwenye Mali

Wananchi wa Kitale na Bungoma, sisi sote twategemea maji ya mlima mmoja. Vijito vya Elgon huteremka kuingia Nzoia na Malakisi, na upande wa pili Mto Suam huyapeleka hadi Turkwel. Nani basi aliyekabidhiwa mlima huo uwe wake?

Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu wa Elgon kuwa wa serikali mwaka 1932. Mwaka 1968 serikali huru ikaongeza mbuga ya taifa. Chepkitale ilibaki ardhi ya amana. Sisi wanasheria twalijua neno hilo: baraza la kaunti liliishika ardhi kwa niaba ya wakazi wake, si kwa niaba ya madiwani. Hata hivyo, mwaka 2000 Chepkitale iligeuzwa kuwa hifadhi ya taifa, na Waogiek, waliochunga na kurina asali humo tangu enzi za mababu, wakafanywa wavamizi kwao wenyewe. Mfalme Ahabu, pamoja na uovu wake wote, angalau alianza kwa kumtolea Nabothi shamba jingine au fedha.

Twaambiwa kwamba wananchi ndio waharibifu wa misitu. Wapo, hatukatai, makaa yanayouzwa kando ya barabara zetu hayakuanguka kutoka mbinguni. Lakini ni nani aliyetangaza, Oktoba 2001, kumega hekta zipatazo 67,000 za misitu ya nchi hii? Si mrina asali. Waogiek wa Chepkitale wameandika sheria ndogo zao wenyewe, na kuchoma makaa ni marufuku humo.

Sheria ya Misitu ya 2005 ilileta vyama vya wananchi vya kutunza misitu. Hatua njema, lakini nusu: mwananchi alipewa kazi ya kulinda, kibali cha kukata kikabaki ofisini. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, yataja waziwazi ardhi za asili za jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Na tarehe 26 Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikiketi papa hapa Bungoma, iliamua kwamba kuigeuza Chepkitale kulikiuka Katiba.

Miaka 22! Na hukumu peke yake si hati. Twadai ardhi hiyo iandikishwe kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, sheria ndogo za wenyeji ziheshimiwe, na kila kibali cha kukata miti Elgon kibandikwe hadharani, Kitale na Bungoma, kabla msumeno haujawashwa. Makanisa nayo yatusaidie kwa jambo moja dogo: orodha hiyo isomwe pamoja na matangazo ya Jumapili.