Gari 'limekaguliwa', lakini lini na nani?

Malipo ya korosho yakianza kuingia, mazungumzo ya kununua gari huongezeka Naliendele. Wazazi wengi hawatafuti la kutambia. Wanataka gari dogo la kuwapeleka watoto shule mjini Mtwara, badala ya kuwapakia watatu kwenye bodaboda moja.

Chukua mfano wa baba na mama waliofika kwenye yadi ya magari. Muuzaji anatoa karatasi: gari limekaguliwa, limepita. Kwenye kioo cha mbele kuna stika. Baba ameridhika, anataka kuanza kupatana bei. Mama anamvuta pembeni: "Baba watoto, muulize kwanza, limekaguliwa lini?"

Ni swali fupi, lakini linaweza kuokoa maisha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Magari mengi yaliyotumika yanayouzwa nchini hutoka Japani. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo husimamia ukaguzi wa ubora wake. Kwa miaka kadhaa ukaguzi huo ulifanyika huko huko yanakotoka, kisha mwaka 2021 ukahamishiwa nchini, gari likishashuka bandarini.

Hata hivyo, popote unapofanyika, ukaguzi huonyesha hali ya gari siku ile tu. Baada ya hapo gari huendeshwa zaidi ya kilometa 500 kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, na pengine hukaa yadi miezi kadhaa likipigwa na jua na upepo wa chumvi. Kama limeshapitia mikononi mwa mtu mwingine hapa nchini, cheti cha bandarini ni habari ya zamani kabisa. Stika ya Nenda kwa Usalama nayo ni hivyo hivyo: haielezi kilichoharibika baada ya kubandikwa.

Kwa hiyo cheti kinaweza kuwa halali kabisa na gari likawa bovu. Mzazi anapaswa kuangalia nini?

Mikanda ya nyuma. Ndiko watoto wanakokaa, na ndiko wanunuzi wengi hawaangalii. Vuta kila mkanda kwa nguvu ghafla, unapaswa kukaza. Angalia kama vifungio vipo, maana mara nyingi hufukiwa chini ya kava za siti.

Tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Zikisomeka 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa mazuri huku mpira umeshachoka. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisivuke miaka 10.

Mifuko ya hewa. Ukiwasha swichi, taa yake kwenye dashibodi inapaswa kuwaka kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa ili kuficha hitilafu. Kuna jambo jingine ambalo ukaguzi wa macho hauwezi kuliona: mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengine yaliitwa kurekebishwa kwa sababu ya mifuko ya kampuni ya Takata, ambayo inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu wa miaka mingi huongeza hatari hiyo, na hali ya hewa ya pwani ya Mtwara ni hiyo hiyo. Chukua namba ya chesisi, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji. Na mtoto mdogo akae siti ya nyuma wakati wote.

Kilometa. Mita hurudishwa nyuma. Omba cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, ambacho huonyesha kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa huko. Namba ya cheti ikiwa kubwa kuliko ya kwenye dashibodi, ondoka.

Breki na chini ya gari. Hapa anahitajika fundi, na awe fundi wako, si yule aliyeitwa na muuzaji. Gari lipelekwe gereji, linyanyuliwe, aangalie kutu, mabomba ya breki, bushi, shokapu na alama za kuchomelea. Kisha aliendeshe kwenye lami na kwenye vumbi.

Gharama ya fundi itengwe kabla ya kupatana bei, isisubiri chenji. Mkifikia makubaliano, andikishaneni mkataba wenye namba ya chesisi na ya injini, na hakikisheni zinafanana na zilizo kwenye kadi ya gari na kwenye gari lenyewe.

Muuzaji mwaminifu hatachukia hayo yote. Akikataa gari lisitoke yadi kwenda kwa fundi wako, au akisema "kuna mteja mwingine yuko njiani na hela", mshukuruni mwondoke.

Baba atasema wamepoteza siku nzima. Ni kweli. Lakini Jumatatu asubuhi ni watoto wake watakaopanda siti ya nyuma, na breki zitakazowasimamisha mbele ya geti la shule hazisomi karatasi.