Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa, akitaka tuelewe kwamba hakuna mtu wa kukaa na kula jasho la wenzake. Katika sharika zetu methali hiyo tumeipindua. Mgeni akitoka Ulaya, siku ya kwanza tunampa kiti cha mbele, siku ya pili tunamchinjia mbuzi, na siku ya tatu tunamkabidhi chaki awe mwalimu wa watoto wetu, hata kama hajawahi kufundisha.

Nazungumzia vijana wa kujitolea wanaokuja kwetu kupitia dayosisi na mashirika rafiki. Wengi wetu tunawafahamu wale wa Ujerumani. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango uitwao weltwärts, unaowapeleka vijana wa miaka 18 hadi 28 katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Ni vijana wema. Wanaacha wazazi wao, wanalala chini ya chandarua, wanafua kwenye beseni na kujifunza kula ugali kwa mkono. Sina neno juu yao. Neno langu ni juu yetu sisi tunaowapokea.

Mwaka 1968 padre Ivan Illich, aliyefanya kazi miaka mingi Meksiko, aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea huko kwamba waende kutazama, kujifunza na kutembea, lakini wasiende kusaidia. Maneno yake yalikuwa makali, na mpaka leo yanawachoma wanaokuja. Lakini nani amewahi kusema na wanaopokea?

Nitasema lililotokea usharikani kwetu. Tulikuwa na binti aliyesomea ualimu wa chekechea, ana cheti chake. Kwa miaka mitatu alifundisha watoto wetu bila mshahara, kwa posho ya sabuni tu, tena siyo kila mwezi. Akaja mgeni wa miaka 19, amemaliza sekondari mwaka uleule, Kiswahili chake ni "jambo" na "asante". Sisi wazee wa kanisa, nami nikiwemo, tuliketi na kuamua mgeni apewe darasa. Binti yetu tukampeleka jikoni akapike uji. Hakuna aliyeuliza ni nani kati yao anayeijua kazi. Watoto waliimba nyimbo za Kiingereza mwaka mzima, na wazazi wakafurahi. Mwaka ulipokwisha hawakujua herufi.

Siku ya kumuaga, mgeni alisimama na kusema kwamba yote aliyoyajua kuhusu watoto alifundishwa na dada wa jikoni. Tulipiga makofi. Yeye mgeni aliona kile sisi wenyeji tulichokataa kuona. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, na aibu hiyo ndiyo inayoandika makala hii.

Wapo watakaosema: mzee, unataka kufukuza baraka, wageni hawa wakirudi kwao hututafutia fedha za bati na matangi ya maji. Ni kweli, na tunashukuru. Lakini someni Luka 14. Bwana Yesu alituonya tusiwaalike karamuni matajiri watakaotulipa, bali maskini na vilema wasio na cha kurudisha. Tukimchinjia mbuzi kijana wa kigeni kwa sababu ya bati atakalolileta, huo siyo ukarimu, ni biashara. Na aliyelipia biashara hiyo ni binti yetu.

Wala sisemi wageni hawana faida. Wamarekani wa kwanza wa Peace Corps waliofika Tanganyika mwaka 1961 walikuwa mainjinia, wapima ardhi na wanajiolojia. Kazi waliijua kabla ya kupanda ndege. Anayekuja na ujuzi apewe kazi ya ujuzi wake. Anayekuja kujifunza apewe mwalimu. Kosa ni kumpima mtu kwa rangi ya ngozi yake. Kornelio alipomwangukia Petro miguuni, Petro alimwinua na kumwambia kwamba yeye naye ni mwanadamu tu. Sisi bado tumelala kifudifudi.

Mipango hii inaitwa ya kubadilishana. Paulo alipowaandikia Warumi kwamba anatamani kuwapa karama, mara alijirekebisha: alitaka wafarijiane, yeye kwa imani yao na wao kwa imani yake. Tangu mwaka 2013 mpango huo wa Ujerumani umefungua mlango ili vijana wetu nao waende kuhudumu huko. Lakini wanaokwenda ni wachache kuliko wanaokuja. Njia yao ni ndefu: pasipoti, viza, kujifunza lugha. Hayo tuwaambie wenzetu waziwazi, maana urafiki wa kweli husema kweli. Lakini tusiwalaumu wao peke yao. Barua ya nafasi ilipofika kwetu haikusomwa kwenye matangazo. Ilikaa mfukoni mwa mtu, na jina lililotumwa lilikuwa la ndugu yake. Hilo nalo ni kosa la Wajerumani?

Washarika wenzangu, natoa mambo matatu. Kwanza, mgeni asiye na ujuzi akae chini ya mwenyeji anayeijua kazi, na miezi ya mwanzo ajifunze Kiswahili. Hatadharauliwa, atakuwa mwanafunzi, kama sisi sote mbele za Kristo. Pili, kila nafasi ya kwenda ng'ambo itangazwe ibadani, na achaguliwe aliyekwisha kujitolea hapa nyumbani. Tatu, mnada wa Jumapili moja kila mwaka uwe wa vijana wetu wenyewe, ili wa Moshi aende kuhudumu Sumbawanga na wa Sumbawanga aje Moshi. Kanisa linalongoja nauli kutoka Ulaya ili kumtuma kijana wake halijasoma Matendo 13. Antiokia haikuomba ufadhili wa kuwatuma Barnaba na Sauli. Ilifunga, ikaomba, ikawawekea mikono na kuwaacha waende.

Mgeni mwingine anakuja. Tumkaribishe kwa moyo wote, tule naye, tuombe naye. Siku ya tatu tumpe jembe. Na kabla hajafika, twende jikoni, tumwombe binti yetu msamaha na kumrudishia darasa lake.