Nimemwaga Chai, Usiwashe!

Mwezi huu nataka tuongee kitu ambacho huenda hukutegemea kukikuta kwenye jarida la mahusiano: kompyuta ya mezani iliyomwagiwa chai ikagoma kuwaka. Usifungue ukurasa mwingine kwanza, maana haya mambo yanafika mpaka chumbani!

Shoga yangu mmoja na mumewe wana stesheni yao hapa Dar. Wanachapa barua, wanatoa kopi, wanatengeneza kadi za michango ya harusi. Kompyuta wanayo moja tu, na sipiyu yake inakaa chini ya meza. Siku hiyo mume katoka kidogo, kikombe cha chai ya maziwa kikapinduka, chai ikaingia kwenye matundu ya juu ya sipiyu. Mashine ikazima yenyewe. Shoga akafuta kwa kanga, akakausha sakafu, akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena na tena.

Mume aliporudi akauliza, “Mama watoto, mbona hii mashine haiwaki?”

“Hata sijui, imezima tu.”

Basi naye akabadilisha waya, akachomeka kwenye soketi nyingine, akawasha. Pa! Harufu ya kuungua ikajaa duka zima.

Fundi alipofungua akakuta maziwa yameganda juu ya bodi. Akauliza nani kamwaga chai. Mtu na mkewe wakabaki wanaangaliana. Mume anasema hakukasirishwa na chai, kilichomuuma ni kudanganywa. Shoga naye ana lake: siku alipoangusha simu alisemwa wiki nzima, tena mbele ya wateja. “Sasa chai ningeanzia wapi kumwambia?”

Mimi sitaki kuwa hakimu wa ndoa ya watu. Ila kuna jambo moja wote wawili hawakulijua, na ndilo lililowagharimu. Mara nyingi kinachoua kompyuta si chai, ni umeme unaopita kwenye chai. Chai, soda, juisi, hata maji ya bomba, vyote vina vitu vinavyopitisha umeme. Ukiwasha, umeme unakwenda mahali usipotakiwa kwenda, hapo ndipo shoti inapotokea. Unyevu pamoja na umeme pia vinakula ile mistari myembamba ya shaba kwenye bodi. Bila umeme, bodi iliyolowa ina nafasi nzuri ya kusafishwa na kupona. Kwa hiyo kila unapobonyeza swichi “kujaribu tu”, unaipiga teke nyingine.

Ikikutokea, fanya hivi. Kata umeme haraka. Kama maji yamefika kwenye soketi au ekstensheni usiiguse, nenda kazime kwenye meni swichi. Na kama mashine imeunganishwa na UPS, kuzima ukutani hakutoshi, kwani UPS ina betri yake na inaendelea kuilisha. Chomoa waya nyuma ya sipiyu kabisa, maana hata ikiwa imezimwa, bodi inapata umeme kidogo muda wote ikiwa imechomekwa. Kisha chomoa vingine vyote.

Ukishafungua ubavu, futa majimaji kwa kitambaa kikavu na utoe kile kibetri cha duara, kama sarafu, kilicho kwenye bodi, kwani nacho kinatoa umeme. Lile boksi la pawa saplai usilifungue kamwe, linaweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Kama limeingia maji, badilisha.

Maji matupu yanaweza kukauka kwa feni, na siku mbili si nyingi, hasa sisi wa pwani na joto letu la unyevunyevu. Lakini chai ya maziwa na soda zinaacha sukari. Hizo lazima fundi asafishe bodi kwa alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 90 na kuendelea, halafu iachwe ikauke. Achana na draya ya nywele ya moto, na mchele wako upike pilau. Hauwezi kuondoa sukari kwenye bodi.

Ikikauka na bado haiwaki, anza na vyepesi. Soketi ina umeme? Ile swichi ndogo nyuma ya pawa saplai imewashwa? Kama hakuna taa wala feni inayozunguka, fundi ajaribu pawa saplai nyingine nzima. Kama feni zinazunguka ila skrini nyeusi, achomoe memori aisafishe na kuirudisha, kisha ajaribu na vifaa vichache tu. Na kama kilicholowa ni kibodi peke yake, shukuru Mungu, nunua nyingine!

Sasa sikiliza hili kwa makini: bodi ikifa, haina maana kazi zako zimekufa. Kazi zinakaa kwenye hadi diski, na kwenye kompyuta ya mezani inachomolewa ikaunganishwa kwenye mashine nyingine. Ndivyo fundi alivyowasaidia wale wawili. Utafiti wa mwanafunzi wa chuo, orodha za kamati za harusi na picha za marehemu mama mkwe, vyote vilikutwa salama. Ila kama diski yenyewe imelowa, usiiwashe wala usiianike, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Na usisubiri chai imwagike ndipo ukumbuke kuweka nakala kwenye diski ya nje.

Tukirudi kwetu sisi wapendanao, angalia hapa. Dawa ya kwanza ya kompyuta iliyolowa ni sentensi moja: “Nimemwaga chai, usiwashe.” Inatamkwa kwa sekunde mbili, lakini kuna nyumba haitamkiki, kwa sababu anayeisema anajua atachambuliwa yeye, ukoo wake na malezi yake. Akina baba, akina mama, mwenzako akikuletea habari mbaya mapema, kakuokolea mali. Zima umeme kwanza, maneno baadaye, na yawe machache. Na wewe uliyemwaga, sema kabla hajagusa swichi. Dada wa kazi na watoto nao wajue kwamba kusema hakuna kipigo.

Leo jioni muulize laazizi wako: “Nikiharibu kitu humu ndani, naweza kukwambia?” Jibu lake lisikilize vizuri.

Tukutane mwezi ujao. Na kikombe kiweke mbali na sipiyu!