Kizazi kisiondolewe kwa kukosa kamera

Mwanamke anayetokwa na damu nyingi ya hedhi asiondolewe kizazi kabla ya kupewa nafasi ya tiba nyepesi zaidi. Anayebadilisha pedi kila saa, akalala juu ya kanga iliyokunjwa na bado akaamka godoro limelowa, hana “mambo ya kawaida ya wanawake”. Ni mgonjwa, na damu inamwishia.

Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unatanguliza kitanzi chenye homoni pale ambapo hakuna uvimbe mkubwa. Kikishindikana, daktari huweza kupitisha kamera nyembamba ukeni hadi ndani ya kizazi, bila kupasua tumbo, akanyofoa uvimbe mdogo ulioota humo au akaunguza utando unaovuja damu. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Aliyepasuliwa tumbo kuondolewa kizazi huhitaji wiki sita hivi kupona. Kweli, kuunguza utando hakumfai anayetaka bado kuzaa, na wapo ambao kwao kuondoa kizazi ndiyo tiba sahihi. Kweli pia, mitambo ni ghali. Lakini wanaolalamikia bei hiyo hawahesabu siku za kitanda, chupa za damu na wiki za kukosa kazi, ambazo mgonjwa huzilipia.

Wenye dhamana ya hospitali za mikoa nchini Tanzania wanunue vifaa hivi, wawafundishe madaktari kuvitumia, na bima igharamie.