Tuache kungoja kuonyeshwa

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alinijia ofisini muhula uliopita akiwa amejiinamia kama aliyefiwa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiandaa makala kuhusu lugha ya matangazo ya biashara, nami nilikuwa nimemhimiza aiwasilishe katika kongamano moja la wanaisimu. Tangazo la kongamano hilo lilikaa katika tovuti ya waandalizi kwa wiki tisa. Yeye alipata habari zake siku mbili baada ya muda wa kupokea ikisiri kwisha. Nilipomuuliza ilikuwaje, ilhali nilijua kwamba alifuata ukurasa wa waandalizi hao katika mtandao wa kijamii kila siku, alinijibu kwa maneno matatu: "Mwalimu, mimi sikuonyeshwa."

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, kitenzi hicho kilinikaa akilini kwa siku nyingi. Mtu anaposema "sikuona", mtendaji ni yeye mwenyewe, na lawama ni yake. Anaposema "sikuonyeshwa", anakiri kwamba yupo mtendaji mwingine, asiyetajwa, ambaye amepewa mamlaka ya kuamua kipi kipite mbele ya macho yake na kipi kizuiwe. Binti huyu hakukosea sarufi wala hakutafuta kisingizio. Alieleza hali halisi ya wengi wetu.

Mitandao ya kijamii haituletei kila kitu kilichoandikwa na wale tuliochagua kuwafuata. Programu zake hupima ni kipi kitakachotushika tusiondoke upesi, kisha hutuwekea hicho mbele. Tangazo la kongamano halichekeshi, halikasirishi wala halizui ubishi. Aghalabu huzama chini ya vichekesho na matusi ya wanasiasa, na kufikia linapoibuka, kama litaibuka, tarehe imeshapita. Makundi ya WhatsApp nayo, ambayo walimu wengi huyategemea, hutoa tangazo lile lile pale tu mwenzetu mmoja anapokumbuka kulisambaza. Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Waama, njia ya kujiondoa katika utegemezi huu ipo, na wala si mpya. Hujulikana kwa herufi tatu, RSS, ambazo siku hizi hufasiriwa kuwa "usambazaji rahisi kabisa". Ni maoni yangu kwamba kila mwalimu na kila mwanafunzi wa chuo anapaswa kuijua njia hii kama anavyojua kutumia kamusi.

RSS ilizaliwa mnamo Machi 1999 katika kampuni ya Netscape huko Marekani, kisha ikaendelezwa na watu wengi waliovutana sana kuhusu umbo lake. Miongoni mwa walioandika toleo la 1.0, lililotoka Desemba 2000, alikuwamo Aaron Swartz, mvulana wa miaka 14. Habari hii naitaja kwa makusudi ili wanafunzi wetu wa sekondari waisikie. Toleo la 2.0 lilitolewa na Dave Winer mwaka wa 2002, na mwaka uliofuata maelezo yake rasmi yakakabidhiwa kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuyatumia. RSS ina ndugu yake aitwaye Atom, aliyesanifishwa mwaka wa 2005, na programu nyingi huwasoma wote wawili. Kwa ufupi, hakuna kampuni inayomiliki njia hii, kama vile hakuna kampuni inayomiliki alfabeti.

Utendaji wake ni mwepesi kueleza. Tovuti yenye huduma hii huweka, kando ya kurasa zake za kawaida, faili moja ndogo ya maandishi. Ndani yake mna orodha ya mambo mapya: kichwa, tarehe, muhtasari au makala nzima, na anwani ya ukurasa wenyewe. Faili hiyo ndiyo iitwayo mlisho. Msomaji huipa programu yake anwani za milisho anayoitaka, nayo huizungukia kila baada ya muda na kumletea yaliyoongezeka tangu ilipopita mara ya mwisho. Wasomaji wa umri wangu watamkumbuka tarishi wa ofisi. Mchukulie tarishi anayezunguka kwenye mbao zote za matangazo ulizomtajia, kila asubuhi, na kurudi na yale mapya tu. Hasomi barua zako njiani ili akuchagulie. Huzipanga kwa tarehe na kuziweka mezani. Hata podkasti, ambazo vijana husikiliza wakiwa kwenye matatu, husafiri kwa njia hii hii, ingawa wengi wao hawajui.

Huenda msomaji akauliza: je, nimwajiri tarishi yupi? Wapo wa aina tatu. Aina ya kwanza ni huduma za mtandaoni kama vile Feedly, Inoreader na NewsBlur. Hizi humfaa mtu anayesoma kwa simu njiani na kwa kompyuta ofisini, kwa sababu alichokisoma huku huhesabiwa kimesomwa na kule. Huwa na sehemu ya bure yenye mipaka na sehemu ya kulipia, na kwa maoni yangu sehemu ya bure humtosha mwalimu wa kawaida. Aina ya pili ni programu unayoiweka ndani ya kifaa chako. Thunderbird, ambayo wengi wanaijua kwa baruapepe, hupokea milisho pia. NetNewsWire hupatikana bure kwa vifaa vya Apple, nayo Feeder hupatikana bure kwa simu za Android. Aina ya tatu, mfano wake FreshRSS, huwekwa katika seva ya mtu mwenyewe. Hiyo nawaachia walimu wa kompyuta.

Katika kuchagua, mimi hutazama mambo matatu. La kwanza, na ndilo kubwa, ni kama programu itaniruhusu kuihama. Kampuni ya Google ilianzisha huduma iliyoitwa Google Reader mwaka wa 2005, ikapendwa na wasomi wengi, mimi nikiwamo. Mnamo Machi 2013 kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingeifunga, na tarehe 1 Julai mwaka huo ikafungwa kweli. Waliotoa orodha zao mapema walihamia kwingine kwa dakika chache. Waliopuuza walianza upya. Orodha hiyo hutolewa ikiwa faili ya aina ya OPML, ambayo karibu kila programu nyingine huweza kuipokea. Basi kabla hujaingiza hata mlisho mmoja, tafuta mahali pa kutolea faili hiyo. Usipopaona, ondoka. Na ukipaona, toa nakala kila mwisho wa muhula uihifadhi pamoja na maazimio yako ya kazi. Tarishi anaweza kuacha kazi siku yoyote, lakini orodha ya milango anayoipitia ni mali yako.

La pili ni kusoma bila mtandao. Mwalimu aliye mjini huenda asilione uzito wa jambo hili. Lakini mwenzetu aliye mahali ambapo mawimbi ya simu hushika kwa saa chache, na ambaye bando hununua kwa fedha zake mwenyewe, analijua vyema. Mlisho ni maandishi matupu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo gharama yake ni ndogo kuliko kufungua tovuti kumi zilizojaa picha na matangazo. Programu inayohifadhi makala ndani ya kifaa humwezesha kupakua asubuhi pale mawimbi yanaposhika, akasome jioni nyumbani bila gharama zaidi.

La tatu ni kuweza kupanga milisho katika mafungu na kuichuja. Hazina ya makala za kisayansi iitwayo arXiv, kwa mfano, hutoa mlisho kwa kila kitengo. Kile kinachohusu kompyuta na lugha hutoa makala kwa makumi kwa siku moja, na bila kuchuja kwa maneno maalumu mtu atafunikwa kabisa.

Hapo niungame kosa langu. Nilipoanza kutumia milisho niliingiwa na tamaa. Kila tovuti iliyonipendeza niliiandikisha, hata orodha ikafika milisho 140. Baada ya likizo moja nilikuta vichwa zaidi ya elfu mbili vikinisubiri, na kwa wiki nzima sikuthubutu kuifungua programu. Nilikuwa nimekimbia kuchaguliwa na wengine, nikaangukia katika kutochagua kabisa. Mshika mbili moja humponyoka, seuze mshika mia na arubaini.

Leo nina milisho ishirini na mitatu, katika mafungu matatu: ya lazima, ya kazi na ya starehe. Ya lazima ni ile ambayo hutoa tangazo mara chache lakini ukilikosa unajuta: vyama vya wanataaluma, majarida, wafadhili wa masomo. Hapa ndipo RSS inaposhinda njia nyingine zote, kwa maana tovuti inayonena mara tatu kwa mwaka hakuna mtu anayekumbuka kuitembelea kila siku. Mlisho usioufungua kwa mwezi mzima, ufute bila huruma.

Kuupata mlisho hakuhitaji utaalamu. Bandika anwani ya tovuti katika programu yako, nayo mara nyingi itautambua yenyewe. Tovuti nyingi zilizojengwa kwa WordPress huutoa ukiongeza neno "feed" mwishoni mwa anwani yake, baada ya mkwaju. Majarida ya kitaaluma yanayotumia mfumo wa Open Journal Systems, ambao umeenea sana katika vyuo vya Afrika, yanaweza kutoa milisho pia. Idhaa ya BBC Swahili inao wake. Kadhalika historia ya kila ukurasa wa Wikipedia, ya Kiswahili ikiwamo, ina mlisho unaoonyesha ni nani amebadilisha nini. Mwalimu wa somo la uandishi akiufuata ukurasa mmoja kwa muhula mzima, atapata mifano tele ya uhariri mzuri na mbaya ya kufundishia.

Naam, wapo watakaosema kwamba haya ni ya wenye simu, na kwamba katika shule nyingi za bweni wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo. Ni kweli. Lakini mwalimu anayo. Anaweza kuchapa kila Ijumaa vichwa kumi vya wiki pamoja na muhtasari wake, akavibandika ukutani karibu na maktaba, na kuwaachia wanachama wa chama cha Kiswahili kazi ya kuvitafsiri na kuvijadili.

Nisimdanganye msomaji kwamba tarishi huyu ni mtakatifu. Huleta uongo kwa uaminifu ule ule anaoletea ukweli. Kupambanua ni kazi ya anayesoma. Isitoshe, baadhi ya tovuti zimeifunga huduma hii, na nyingine hutoa kichwa tu ili zikulazimishe kuzitembelea. Hata kivinjari cha Firefox, kilichokuwa na kisomeo chake chenyewe, kilikiondoa Desemba 2018. Lakini linaloniudhi zaidi liko hapa nyumbani. Taasisi zetu nyingi huzaliwa na mlisho bila kujua, kwa kuwa mfumo uliojenga tovuti yao unao tayari, kisha matangazo yao huyapandisha yakiwa picha tupu ya barua yenye mhuri, bila hata kichwa cha maana. Tarishi hawezi kubeba asichoweza kukisoma. Nawaomba wasimamizi wa tovuti za vyuo na idara zetu waandike matangazo kwa maandishi, wayape vichwa na tarehe za mwisho, na wauache mlisho wazi. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara ya kijana anayekosa ufadhili kwa kukosa habari.

Mwanafunzi wangu sasa ana orodha yake mwenyewe, milisho kumi na mitano, aliyoiandaa kwa mchana mmoja. Makala yake bado haijapata kongamano, na mwaka uliopotea haurudi. Lakini juma lililopita alinitumia ujumbe kwamba ameliona tangazo jingine, limebakiza siku arubaini na moja. Alisema ameliona, hakusema ameonyeshwa. Nawasihi walimu wenzangu tuwafundishe wanafunzi wetu tofauti ya vitenzi hivyo viwili mapema, kabla haijawagharimu.