Ripoti ya Dawa Iseme Ilitafuta Wapi

Reboxetine, dawa ya sonona, ilikuwa na sifa nzuri majaridani. Taasisi ya IQWiG ya Ujerumani, inayopima faida ya tiba zinazolipiwa na bima ya afya, haikuridhika na sifa hizo. Wapekuzi wake walibaini kuwa kuna majaribio yaliyofanyika na hayakuchapishwa, wakaidai kampuni ya Pfizer, mtengenezaji wa dawa hiyo, takwimu za majaribio hayo. Pfizer ilisita, kisha ikatoa sehemu kubwa.

Uchambuzi uliotoka katika jarida la BMJ mwaka 2010 ulionyesha kwamba takwimu za asilimia 74 ya wagonjwa zilikuwa zimefichwa kabatini. Zilipojumlishwa zote, dawa haikuvishinda vidonge bandia, na madhara yake yalikuwa mengi zaidi.

Licha ya kisa hicho, kutafuta machapisho huchukuliwa kuwa kazi ya karani. Wapi! Anayeishia kwenye hifadhidata moja kama PubMed, kwa neno moja lisilo na visawe, asiguse hifadhidata nyingine kama Embase wala sajili za majaribio, huokota kilichoelea juu tu. Mkutubi wa tiba anapaswa kuwamo tangu siku ya kwanza, asiitwe mwishoni kupamba jedwali.

Kweli, upekuzi wa namna hiyo huchelewesha uamuzi. Waziri ana haraka, na wagonjwa wana haraka zaidi. Hata hivyo, ripoti isiyotaja hifadhidata zilizopekuliwa, maneno yaliyotumika na tarehe ya utafutaji irudishwe kwa waandishi wake kabla fedha za umma hazijatoka.